Dopamini na presha: yanayosemwa na yalivyo

"Dawa ikiamsha dopamini, lazima presha ipande." Dopamini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Mzizi wa dhana hii naujua: mirungi. Mtu katafuna tangu saa nane mchana, stimu zimepanda, moyo unamwenda mbio, ukimpima presha iko juu kweli. Lakini kathinoni, kile kichangamshi cha majani mabichi ya mirungi, haiamshi dopamini peke yake. Humwaga pia noradrenalini, kemikali nyingine ya ujumbe, kutoka kwenye neva za simpathetiki, zile zinazobana mishipa na kuharakisha moyo. Mkosaji mkubwa ni noradrenalini. (Jani likinyauka kathinoni hupungua nguvu, ndiyo maana miraa ya Meru hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa barabarani kama vile garini kuna mgonjwa.)

Sasa mtazame mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, anayetumia levodopa au bromokriptini, dawa zinazoamsha dopamini. Kwenye ncha za neva zilezile kuna vipokezi vya dopamini viitwavyo D2, navyo vikiguswa huwa breki: noradrenalini hutoka kidogo. Mzee anainuka kitandani alfajiri, damu inashukia miguuni, mishipa inachelewa kubana, anashika ukuta macho yakiingia giza. Nyumbani watasema sukari imeshuka, wampe soda. Mpimeni presha akiwa amelala, kisha amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3, tatizo mmeliona. Ukimpima ameketi tu unaweza usione kitu.

"Basi aache dawa." Hapana! Levodopa ikikatwa ghafla inaweza kumletea homa kali na mwili kukakamaa. Daktari ndiye apunguze.

"Bromokriptini hushusha presha tu." Mara nyingi, ndiyo. Ila baadhi ya akina mama waliopewa ili kukausha maziwa baada ya kujifungua walipandwa na presha, wengine wakapata degedege au kiharusi, na Marekani ikaondoa matumizi hayo miaka ya 1990.

"Dripu ya dopamini ni ya kupandisha presha." Inategemea kasi yake. Ikienda polepole hutanua mishipa ya figo. Ikiongezwa huusukuma moyo. Ikizidi mikrogramu 10 hivi kwa kila kilo kwa dakika, mishipa hubana. Kwa ajili ya huko kutanua, wagonjwa mahututi waliwekewa dozi ndogo kwa miaka mingi "kulinda figo", mpaka utafiti wa Australia na New Zealand wa mwaka 2000, wenye wagonjwa 328, ukakuta figo hazikulindwa.