Unatafuta mwalimu wa Hisabati, au unatafuta Kiingereza?

Ikifika Oktoba, wenye shule za mchepuo wa Kiingereza hapa Mwanza huanza kunipigia simu. Wa Buswelu, wa Nyegezi, wa Igoma, hadi wa Sengerema na Geita. Maneno yao hayapishani sana: "Kaka, nitafutie Mganda mmoja, au hata Mkenya, ila awe na Kiingereza kizuri." Nikiuliza atafundisha somo gani, kinapita kimya kidogo, halafu naambiwa: "Lolote tu. Darasa la tatu mpaka la saba."

Kazi yangu ni kuwatafutia watumishi waajiri wa Kanda ya Ziwa na kuwaandalia vibali wale wanaotoka nje ya nchi. Hilo "lolote tu" ndilo linalonichosha kuliko foleni zote za ofisini. Walimu wapo. Kenya na Uganda zimesomesha walimu wengi kuliko nafasi ambazo serikali zao zina uwezo wa kuzilipia, na kijana wa Masaka au Kisii aliyemaliza chuo na bado yuko nyumbani hahitaji kubembelezwa kupanda basi la Mwanza. Kwamba shule zinahitaji watu nako nakubali. Mzazi aliyelipa ada ya mchepuo wa Kiingereza anataka mtoto arudi nyumbani anaongea, na walimu wetu wengi walisoma msingi kwa Kiswahili, wakakutana na Kiingereza cha kufundishiwa kidato cha kwanza. Ila sheria yetu haina kibali kinachoitwa "Kiingereza kizuri".

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 imegawa vibali vya kazi madaraja matano. A ni la mwekezaji, D la wanaofanya kazi za dini na hisani, E la wakimbizi. Mwenye shule yanamhusu B na C. Daraja B limetengewa taaluma zilizotajwa kabisa: watu wa tiba na afya, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu na wahadhiri wa sayansi na hisabati. Taaluma nyingine zote zinakwenda C. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Hisabati ana mlango wenye jina lake. Huyo wa "lolote tu" anaingia kwenye mlango wa jumla, na huko atasukumana na Watanzania wote wenye cheti cha ualimu.

Na hao ni wengi. Kabla ya kukubali ombi lako, Kamishna wa Kazi anatakiwa ajiridhishe kwamba ulimtafuta Mtanzania kwa juhudi ukamkosa. Sasa wewe una shule Mkolani, Chuo cha Ualimu Butimba kiko jirani yako, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) kiko Malimbe, halafu unaandika kwamba umekosa mwalimu wa maarifa ya jamii! Mimi barua ya namna hiyo siipeleki. Ninayoipeleka inakuwa na tangazo la kazi lililotoka kweli, orodha ya walioomba, karatasi za usaili zenye alama, na maelezo ya kwa nini kila Mtanzania aliyeitwa hakufaa kwa somo hilo. Neno "hakujua Kiingereza" halitoshi kuwa maelezo. "Alipewa kipindi cha sehemu darasa la sita, akashindwa kueleza kwa Kiingereza kwa nini tunatafuta kigawe kidogo cha shirika" hayo ni maelezo.

Mara nyingi hapa ndipo ninapoulizwa: kwani sisi si Jumuiya moja? Ni moja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na ndani yake mna uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Lakini kila nchi iliorodhesha makundi ya wafanyakazi iliyokubali kuyafungulia, na itifaki haikufuta vibali. Mganda akifika Mutukula au Mkenya akifika Sirari haulizwi viza, anagongewa muhuri anapita. Muhuri huo ni wa kutembea. Akishika chaki Jumatatu inayofuata, wewe na yeye mmevunja sheria, hata kama mmepanga kwamba "anajitolea kwanza". Kujitolea kwa namna hiyo ndiko kunakowaleta maofisa wa Uhamiaji getini katikati ya muhula, na mtihani wa darasa la saba haumsubiri mtu. Kibali cha kazi kinatangulia, kinafuata cha ukaazi cha daraja B. Madaraja ya ukaazi ni mengine na yana herufi zilezile, kwa hiyo usishangae watu wakichanganya.

Vyeti navyo vina njia yake. Wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wa Jumuiya wana makubaliano ya kutambuana, walimu hawamo. Cheti cha sekondari cha Kenya au Uganda kinapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, kulinganishwa na cha kwetu, shahada inapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, stashahada NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kabla ya hapo mimi huuliza huko kilikotoka: KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kwa Mkenya, na UNEB, la Uganda, kwa Mganda. Mwalimu wa Kenya namwomba pia namba yake ya usajili wa TSC, tume ya walimu ya huko. Mwenye cheti halali hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika, mwache aende zake mapema.

Sasa usaili. Hapa ndipo mimi na wenye shule tunapogombana, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo.

Mwenye shule akifanya usaili peke yake ofisini anampima mtu kwa masikio. Anamuuliza ametoka wapi, amefundisha wapi, anasikiliza maneno yanavyoteleza, basi, moyo umeridhika. Mimi nataka kipindi. Chukua darasa la tano, somo la kujumlisha sehemu, nusu jumlisha theluthi moja. Mgombea mmoja niliyemweka kwenye kipindi hicho alikuwa na Kiingereza cha redioni. Alieleza, akacheka na watoto, kila dakika mbili anauliza kama tuko pamoja, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja kwamba ndiyo. Nikapita kati ya madawati kuangalia madaftari. Karibu kila daftari lilikuwa na 2/5. Watoto walikuwa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wakapiga mstari, wakaweka kalamu chini wakisubiri tiki.

Aliyefuata alikuwa Mganda mpole, lafudhi ya Kiganda imejaa mdomoni, sentensi fupifupi. Naye alipata 2/5 zake, maana darasa lilikuwa la mchepuo uleule. Hakufuta. Alimwita mtoto ubaoni, akachora visado viwili vya dagaa, kimoja kimejaa nusu, kingine theluthi, akamwambia mimina chote pamoja. Kisha akauliza: 2/5 ni zaidi ya nusu au ni pungufu? Mtoto akahesabu, akakuna kichwa, akasema pungufu. "Ulikuwa na nusu, nimekuongezea, sasa una pungufu ya nusu. Nani kakuibia dagaa?" Darasa likalipuka, halafu likaanza kubishana, na kubishana kwenyewe kukawa kwa Kiingereza kibovu, kitamu, cha watoto wanaofikiri.

Mwenye shule alimtaka yule wa kwanza. Alisema wazazi wa Capri Point wakimsikia huyu wa pili watahamisha watoto. Sikuweza kumbadilisha mawazo, ila kwenye ombi la kibali siwezi kuandika kwamba tunamhitaji mtu kwa sababu ya lafudhi. Lazima niandike ujuzi, na ujuzi ulikuwa kwa yule wa pili.

Kuna na masomo ambayo mgeni hayawezi hata umlipe dola. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, lina mambo yetu ndani. Ukimpa Mkenya kwa sababu "naye anajua Kiswahili", umeharibu somo na umeharibu ombi lako la kibali kwa pamoja.

Sheria inadai pia mpango wa urithishaji: nani Mtanzania atakayeichukua nafasi hiyo, na ataandaliwaje. Mipango mingi ninayoletewa ni mstari mmoja, "mwalimu mzawa atajifunza kutoka kwa mgeni". Hiyo ni dua. Mpango unaosomeka unasema mwalimu fulani wa Hisabati, aliyehitimu Butimba, ataingia vipindi vya darasa la sita pamoja na mgeni muhula wa kwanza, atashika vipindi viwili kwa wiki muhula wa pili huku mgeni amekaa nyuma, na mwaka wa pili darasa la tano litakuwa lake. Kibali kinatoka kwa miezi 24, kinahuishwa, ila kwa jumla kina kikomo. Mwenye shule ambaye kikomo kikifika bado anategemea mgeni yuleyule atakuja kwangu analia, na nitakuwa sina cha kumfanyia.

Kama unaona haya ni urasimu wa Kiafrika, angalia wale tunaowasifu kwa Kiingereza wanavyofanya wakiwa wao ndio wenye upungufu. Uingereza inatafuta wauguzi kila pembe ya dunia, na mabinti wauguzi wa hospitali ya Bugando wananiuliza kila mara. Huko kila kazi ina namba yake ya kuitambulisha, na mwajiri anaomba udhamini kwa namba hiyo. Lugha ni karatasi ya pembeni, na wanaipima wenyewe. Serikali yao ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi mtihani wa Kiingereza: Jamaika imo, Malta imo. Tanzania haimo. Kenya na Uganda, tunakokimbilia sisi kutafuta Kiingereza, nazo hazimo! Baraza lao la wauguzi, NMC, likikupima kwa IELTS ya kitaaluma, mtihani wa Kiingereza, linataka 7 kwa kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwa kuandika. Kusoma kwako shule ya mchepuo wa Kiingereza hakuna uzito hapo.

Na kuna jambo ambalo mabinti wengi hawaambiwi. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, Tanzania na Uganda zimo, na kanuni za Uingereza zinawakataza waajiri na mawakala kuja kusaka watu kwenye nchi hizo. Muuguzi anaweza kuona nafasi iliyotangazwa akaiomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri. Wakala hawezi kukodi ukumbi Mwanza akaandikisha wauguzi wa hospitali za Uingereza. Akikodi, tayari umejua ni wakala wa aina gani. Sheria ya kwao ya mwaka 1973 inamzuia pia wakala kumtoza mtu hela kwa kumtafutia kazi. Walezi wa wazee ndio kabisa: njia yao ilifunguliwa Februari 2022 na ikafungwa kwa wanaoomba kutoka nje Julai 22, 2025. Bado kuna watu mjini hapa wanauza fomu zake. Orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na kuifungua ni bure.

Nirudi kwa wenye shule, maana kuna gharama moja wanaisahau wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema ukisitisha mkataba wa mtu mbali na mahali ulipomwajiri, unamsafirisha yeye na mizigo yake kumrudisha huko, au unamlipa nauli, na kama siku zinapita kabla hujafanya hivyo unamlipa na posho ya kujikimu. Kwa mwalimu wa Butimba uliyemwajiri Nyegezi hilo ni nauli ya daladala. Kwa mwalimu wa Masaka mwenye mke, watoto wawili, kitanda na friji, ni Mwanza hadi Mutukula na kuendelea. Wapo wanaonishauri niandike kwenye mkataba kwamba mwalimu aliajiriwa Mwanza, eti "si alikuja mwenyewe". Siandiki. Barua za ajira alitumiwa akiwa kwao, nauli ya kuja mlimtumia kwa simu, ujumbe upo, na siku ya shauri atautoa.

Kingine ni pasipoti. Utakuta imefungiwa kwenye kabati la mhasibu, pamoja na vitabu vya risiti, "asije akatoroka". Mrudishie. Akitaka kuondoka ataondoka, basi la Bukoba halimpigii simu mwenye shule kwanza, na ofisa wa kazi akiikuta humo kabatini atakuwa na maswali mengi kuliko ya kibali.

Kwa wanaolenga Januari: tangazo litoke Septemba, usaili Oktoba, maombi yaingie kwenye mfumo mapema Novemba vyeti vikiwa vimeshalinganishwa. Na kwenye karatasi ya kwanza kabisa mtakayonitumia, kabla ya neno Mganda au Mkenya, mniandikie somo na darasa.