Jukwaa la kozi kwenye Moodle: usishinde humo, ingia mapema

Wadau habari zenu. Kazi yangu ni kusaidia wanafunzi na wahadhiri kwenye masomo ya mtandaoni, na lalamiko ninalolisikia kila muhula ni kwamba jukwaa la majadiliano la Moodle (ule mfumo wa masomo ya mtandaoni unaotumiwa na vyuo) linakula muda na bando, imeili zinamiminika simu haitulii, halafu maksi zenyewe kiduchu. Mi nawaambia tatizo ni siku mnayoingia.

Chukua mjadala wa wiki moja, umefunguliwa Jumatatu unafungwa Jumapili, na wengi wanaingia Jumapili usiku. Saa hizo hoja zote nyepesi zishasemwa, inabidi usome posti za darasa zima ndo upate cha kusema, na hata uandike vizuri vipi hakuna wa kukujibu maana kesho yake watu washahamia mada nyingine. Aliyeandika Jumanne kasoma posti tatu tu, kaandika yake, Alhamisi karudi kujibu waliomjibu, kamaliza. Katumia muda mdogo na mjadala kaupata kweli.

Zile imeili nazo zina dawa. Ingia kwenye wasifu wako, sehemu ya mapendeleo, tafuta ya jukwaa, chagua upate imeili moja kwa siku. Kuna ya posti zote nzimanzima na kuna ya vichwa vya habari tu, mi napendekeza hiyo ya vichwa kwa mwenye kozi nyingi. Hapohapo washa alama ya posti mpya, ukiingia unaona moja kwa moja zipi hujasoma. Ila jukwaa la matangazo liache lilivyo, humo ndo mhadhiri anatangaza tarehe za testi.

Halafu kuna aina ya jukwaa inayowachanganya sana watu, ile ya maswali na majibu, ambayo huoni posti za wenzio mpaka uandike yako kwanza. Mtu anaandika, bado haoni kitu, anadhani mtandao umegoma anaposti tena na tena. Haujagoma. Moodle inakupa muda wa kurekebisha posti yako, kwa kawaida dakika 30 kama chuo hakijabadilisha, na mpaka muda huo upite za wengine hazifunguki. Kwa hiyo ukishaposti kaendelee na mambo mengine, rudi baadaye. Muda huohuo wa kurekebisha upo kwenye majukwaa ya kawaida pia, ukiona umekosea edit posti yako, usiandike mpya ya kuomba radhi.

Sasa cha kuandika, hapa ndo penye maksi. "Nakubaliana na mwenzangu, hoja nzuri" haisaidii mtu. Tuseme swali ni kwa nini bei ya mahindi hushuka wakati wa mavuno, mwenzio kajibu ni wingi wa bidhaa sokoni. Wewe chukua sentensi yake moja, iongezee: mkulima wa Songea anauza mapema hata akijua bei itapanda, kwa sababu ada za watoto zinamsubiri na ghala hana, je hilo nalo tuliweke upande wa ugavi au wapi? Mistari mitano tu lakini umemsoma mwenzio, umeleta kitu kipya, na umeacha swali ambalo mtu atataka kulijibu. Mhadhiri anaiona hiyo haraka sana, niamini.

Wa bando la kuungaunga, app ya Moodle inakuruhusu kuandika jibu ukiwa huna intaneti, linabaki kwenye simu mpaka ukipata mtandao. Kwa anayetumia browser, andika kwanza kwenye noti za simu ndo ukopi na kupesti, maana mtandao ukikatika katikati maneno yako yanaweza kupotea na inauma kweli.

Na kama una swali la kuuliza, tafuta kwanza kwenye kisanduku cha kusearch, mara nyingi kuna mtu kashauliza. Kama halipo fungua mada yako, swali moja mada moja, na kichwa kisiwe "Msaada jamani" bali "Asaimenti ya 2, swali la 3: kiwango cha riba kinatumika kipi?" Atakayelijua jibu ataligundua kwenye orodha bila hata kufungua, na ukishajibiwa rudi useme kama limekusaidia, ili atakayefuata asianze upya.