Je, wajua kwa nini kasa hulia?

Mnarani, kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, karibu na mnara wa taa, pana bwawa lililozungukwa na mawe ya matumbawe. Tangu mwaka 1993 watu wa kijijini wanawatunza humo kasa, wakiwemo walionaswa kwenye nyavu. Bahari ikijaa, maji hupenya matundu ya mawe na bwawa nalo hujaa. Ikipwa, nalo hupungua. Nilimpeleka binti yangu wa miaka mitano, tukapanda daladala la 116 kutoka mjini, nikidhani kitakachomfurahisha ni kuwalisha mwani. Kumbe kilichomshika ni kasa mmoja aliyepandishwa ukingoni kusuguliwa gamba. Jichoni mwake mlikuwa na ute mzito, unamtiririka shavuni.

“Mama, huyu analia. Nani kampiga?”

Mzee mmoja aliyekuwa karibu akacheka, akamwambia kasa anawalilia wanawe aliowafukia mchangani. Wengi tumekua na maelezo hayo, maana kasa jike akipanda ufukweni usiku kutaga, machozi humtoka kweli. Lakini dume naye hutoa machozi yaleyale, na hajataga yai hata moja.

Jibu liko kwenye chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, yaani vijiko vya chai sita hivi. Ndoo ya lita 20 ina gramu 700. Humo ndimo kasa anamoishi, anamokula na anamokunywa, ilhali damu yake ina chumvi kiasi cha theluthi moja tu ya ile ya bahari. Kila tonge la mwani linaingia na maji yake. Kooni ana miiba iliyoelekea tumboni, inayozuia chakula kisirudi huku yeye akiyatema maji, lakini hayatemi yote.

Sisi chumvi ikituzidi tunaitoa kwa mkojo, ila figo zetu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kama ya bahari. Ndiyo maana aliyepotea baharini akinywa maji ya bahari huzidi kukauka: kuitoa chumvi ya lita moja kunamgharimu maji zaidi ya lita moja. Figo za kasa ni dhaifu kuliko zetu kwa kazi hiyo. Mkojo wake hauwezi hata kuizidi damu yake kwa chumvi. Kwa hesabu hiyo angepaswa kufa kwa kiu akiwa majini.

Kinachomwokoa ni tezi mbili, moja nyuma ya kila jicho. Zinaichuja chumvi kutoka kwenye damu na kuitoa kwa njia ya machozi, na machozi hayo yana chumvi karibu mara mbili ya bahari yenyewe. Kwa hiyo kasa anaweza kunywa maji ya bahari, akatoa chumvi yote kwa machozi machache kuliko maji aliyokunywa, na maji matamu yakambakia mwilini. Hata kasa mchanga aliyetoka kwenye yai, akakaukiwa kwa kutambaa hadi majini, huanza kwa kunywa maji ya bahari. Kwa kasa ngozi, yule mkubwa asiye na gamba gumu, kila tezi ni kubwa kuliko ubongo wake. Sijui nimhurumie au nimwonee wivu.

Siri hii haikujulikana zamani sana. Mwaka 1957 mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen na wenzake waligundua kwamba ndege wa baharini wana tezi ya namna hiyo, wao chumvi yao hudondoka puani. Mwaka uliofuata ikaonekana kwa kasa. Nyoka wa baharini anayo chini ya ulimi. Samaki kama changu na tasi huitolea kwenye matamvua.

Sasa, kasa hulia hata asipokuwa ufukweni. Akiwa majini bahari inamwosha, hatuoni kitu. Akipanda juu ndipo tunapoyaona, na kwa jike anayetaga yanamsaidia pia kuutoa mchanga machoni. Nilimweleza mwanangu kwa kifupi: hajapigwa, anatema chumvi kwa macho.

Akanyamaza. Wakati wa kuondoka ukafika, hataki, kilio kikaanza tangu bwawani mpaka kituoni. Ndani ya gari akalamba chozi lililofika mdomoni, akanitazama.

“Mama, na yangu yana chumvi.”

Ni kweli, lakini ni kidogo, sawa na ya damu yake, robo tu ya ile ya bahari. Nikamwambia akitaka kumfikia yule kasa ana kazi ya kulia mara nane ya hapo. Akafikiri kidogo, akaendelea kulia.