Kijenzi si kiolezo

Juzi nilikaa barazani Mkunazini, Unguja, na vijana wawili wanaotengeneza programu za simu. Mmoja akasema, kifua mbele: "Hiki kijenzi nimekitumia mara kumi na nne." Nikamwomba anifungulie msimbo, yale maandishi yanayoiendesha programu. Kweli, kilikuwapo mara kumi na nne: kipande kilekile, kimekopiwa na kupestiwa katika faili kumi na nne, kila nakala ishaguswaguswa na mwenye haraka zake. Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Kijenzi, au komponenti kama wasemavyo wengi, ni kipande cha kiolesura (kile mtumiaji anachokiona na kukigusa kwenye skrini) kilichoandikwa pahala pamoja na kuitwa kila kinapohitajika: kitufe, kadi ya safari, kisanduku cha kutafutia. Anayekiita hukipa mambo mawili matatu, nacho hujua chenyewe namna ya kujichora kwenye skrini. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kinachoniuma ni kuwa lugha yetu yenyewe imeshatenganisha kijenzi na kiolezo, nasi hatusikilizi. Litazame neno. Mzizi ni jenga. Ukitia kiishio cha -i, ile ng inageuka nz: jenga, mjenzi, tunga, mtunzi. Nd nayo hufuata njia hiyo hiyo: linda, mlinzi, tenda, kitenzi. Kiishio hiki hutaja mtendaji. Mlinzi yumo lindoni, kiongozi anaongoza, na kitenzi, kama tulivyofundishwa skuli, ndilo neno linalobeba tendo katika sentensi. Basi kijenzi ni kitu kinachojenga, na kinajenga wakati huo programu inapokwenda. Mtu akitaka kutaja kilichokwisha kujengwa, tunalo neno lake la zamani sana: jengo.

Sasa njoo kwenye kiolezo. Mzizi ni oleza, yaani kufananisha kitu na kingine, kufuatisha. Mwishoni kuna -o, ile ya kifuniko, kizibo na kipimo: vitu vinavyotumiwa na mtu kisha vikawekwa kando. Fundi cherehani ana karatasi yake ngumu iliyokatwa umbo la kanzu. Huilaza juu ya kitambaa, huchora kwa chaki, hukata, karatasi ikarudi ukutani. Kesho akiipunguza ile karatasi shingoni, kanzu uliyoivaa Ijumaa iliyopita haibadiliki hata uzi mmoja. Hicho ndicho kiolezo, na ni chombo cha heshima kabisa. Lakini kazi yake imekwisha pale mkasi ulipopita.

Kijenzi ni mama wa urojo. Unamtuma mtoto na bakuli: bajia mbili, kachori moja, pilipili kidogo. Jirani naye anatuma lake: bila kachori, ndimu nyingi. Maagizo mbalimbali, sufuria moja. Leo mama akiamua kuzidisha embe mbichi, bakuli zote za jioni hii zinabadilika, za Shangani na za Kikwajuni, wala hakuna aliyeambiwa. Ukimwomba akuandikie namna anavyopika (hakupi, lakini tuseme kakupa) ukaenda kupika kwako, umepata kiolezo. Urojo wako umegandia siku ile uliyoandika.

Kuna atakayesema wenye fani ndio waliotupoteza, na hakosei sana. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa NATO uliofanyika Garmisch, Ujerumani, kuhusu uhandisi wa programu, mtaalamu wa kompyuta Douglas McIlroy alitaka vijenzi vya programu vitengenezwe kwa wingi, kwa mfano wa kiwanda. Hoja yake ilikuwa nzuri. Tatizo ni picha ya kiwanda inayobaki kichwani: skrubu iliyokwisha kufungwa kwenye mlango wako haina habari tena na kiwanda. Kijenzi cha kwenye simu hakijaachana na kilikotoka.

Nirudi kwa wale vijana, maana nakala zao zilikuwa za kazi inayodai kijenzi kuliko zote: kuonyesha maandishi yenye mapambo. Programu yao inatoa ratiba za boti. Ukurasa wa mwanzo tangazo limekaa vizuri, neno zito limekozwa, yaani limeandikwa kwa herufi nene. Ukifungua ukurasa wa matangazo, neno lilelile linasomeka hivi: "Boti ya asubuhi **haitoondoka** kesho." Bibi mmoja pale bandarini Malindi aliuliza kama zile nyota nne ndiyo daraja la boti.

Alama hizo ni za Markdown, mtindo wa kupamba maandishi kwa alama za kawaida, alioutoa John Gruber mwaka 2004: nyota mbili kila upande, neno likozwe. Lakini kwa simu, nyota ni nyota tu mpaka pawe na wa kuzichambua. Lazima alama zitengwe na maneno, matini igawanywe vipande, na kila kipande kipewe sura yake, koza au mlazo (herufi za kuinama) au kiungo cha kubonyeza. Katika Flutter, mojawapo ya zana za kutengenezea programu za simu, vipande hivyo hupangwa kama mti wa TextSpan ndani ya RichText. Katika React Native, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, huwa ni Text ndani ya Text. Uchambuzi huo haumhusu anayeandika ukurasa wa ratiba. Yeye ampe kijenzi matini, ashike njia yake.

Wale wangu waliuandika uchambuzi huo mara moja, wakaunakili. Siku walipogundua hitilafu ya nyota, marekebisho yakafika faili tisa. Tano zikasahauliwa.

Mwanangu, kazi uliyoifanya si mbaya, na wala sikukataza kunakili. Ila ulichonacho kwa sasa ni kiolezo na nakala zake kumi na nne, na ukikitaja kwa jina hilo hakuna atakayekucheka. Ukitaka kijenzi, chagua moja katika zile tisa zilizopona, ipe faili yake peke yake, kisha zifute zile kumi na tatu na kila pahala uiite hiyo moja.