Kuruti simu hakuiongezei usalama

Kuanzia Darajani hadi Chake Chake wapo wengi wanaoamini kwamba simu ikishaondolewa vizuizi vya mtengenezaji, yaani ikirutiwa, huwa nyepesi na salama zaidi, kwa kuwa mwenye amri sasa ni mwenye simu. Imani hii haikuzuka bure: zile programu zilizokuja na simu zikagoma kufutika, kweli hufutika.

Ila amri hiyo hubaki wazi kwa wengine pia. Kwa kawaida Android huiweka kila programu chumba chake. Gemu uliyopakua haiwezi kufungua mafaili ya programu ya benki. Ukiipa ruhusa ya ruti, ukuta huo hauizuii tena. Inaweza kusoma meseji zako, tena ikajificha isifutike kirahisi. Ndiyo maana programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye simu kama hiyo. Masasisho nayo mara nyingi hugoma. (Kutoa loki ya mtandao ili simu ipokee laini yoyote ni jambo jingine kabisa.)

Ukinunua simu ya mtumba, izime uiwashe mbele ya muuzaji: Android nyingi zilizochezewa mfumo wa kuwakia huonyesha onyo kwenye kioo. Kisha ingia mipangilio ya Play Store, sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa. Tazama pia tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya miaka 3 nyuma, irutiwe isirutiwe, mimi pesa zangu nisingezitia humo.