"Fresh" haimaanishi mbichi tu

Mgeni anayeongea Kiingereza akifika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, akauliza kama migebuka ni "fresh", haulizi kama wamepikwa. Anataka kujua wamevuliwa lini. Sisi tunasema "samaki wabichi" kwa yote mawili, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kiingereza kimetenganisha: kisichopikwa ni "raw", kilichovuliwa au kuchumwa karibuni, bila kukaushwa wala kugandishwa, ni "fresh". Mgebuka aliyekaa siku tatu bila barafu bado ni "raw", ila "fresh" si tena. Embe bichi ni "unripe". "Fresh mango" ni embe lenyewe, si la kopo wala la kukaushwa.

Lebo za dagaa ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Ukiandika "fresh dried dagaa", maneno yanagongana, maana mnunuzi hajui kama unauza wabichi au wakavu. Ongeza -ly: "freshly dried dagaa", yaani walioanikwa wakakauka karibuni. "Freshly" hukaa mbele ya neno la kitendo kilichokwisha kutendeka: "freshly caught", "freshly ground coffee". Wala usiongeze s kwenye "fresh" kwa kuwa vitu ni vingi. Kivumishi cha Kiingereza hakifuati ngeli wala wingi.

Halafu kuna ziwa letu. Tanganyika ni ziwa la maji baridi, lakini ukitafsiri "cold water lake" umezungumzia ubaridi, wakati maana ni maji yasiyo na chumvi. Sema "freshwater lake", neno moja linapokuwa kivumishi. Maji yenyewe ni "fresh water", maneno mawili. Kwa hiyo dagaa mkavu wa Kigoma ni "freshwater fish" hata akikaa gunia mwezi mzima, ingawa si "fresh fish".

Kinyume cha "fresh" nacho hubadilika kulingana na kitu: mkate uliolala ni "stale", maziwa yaliyochacha ni "sour", mchicha ulionyauka ni "wilted".

Vijana wakiulizwa hali hujibu "niko freshi". Usiihamishe hiyo. "How are you?" hujibiwa "I'm fine". "I feel fresh" husemwa na aliyepumzika vizuri au aliyetoka kuoga. Na hasa kwa Wamarekani, "he was fresh with the teacher" maana yake alimjibu mwalimu kwa utovu wa adabu.