Kabla Hujafungua Rejesta: Elimu kwa Wasaidizi wa Tathmini za Afya ya Uzazi

Maombi ya kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kuwahoji watu au kutumia taarifa zao, kwa ajili ya tathmini za miradi ya afya ya uzazi yanaongezeka, na sehemu kubwa yake huandaliwa na vijana walioingia katika kazi hii hivi karibuni wakiwa wasaidizi wa mtathmini mkuu. Ongezeko hilo tunalipokea vizuri. Yameongezeka pia, hata hivyo, malalamiko ya washiriki, hasa wanawake wanaopigiwa simu na watu wasiowafahamu na kuulizwa ni njia gani ya uzazi wa mpango wanayotumia. Sekretarieti ya kamati ya maadili imeona ni vyema kueleza kile ambacho kamati hukitazama inapopokea maombi, ikiamini kwamba makosa mengi hutokana na haraka na si nia mbaya.

Tuanze na kauli tunayoisikia mara nyingi kuliko zote: kwamba hii ni tathmini, si utafiti, na kwa hiyo haihitaji kibali. Kamati haitazami jina la kazi. Hutazama kile anachofanyiwa mtu, na mwanamke anayeulizwa kama amewahi kuharibikiwa na mimba huingiliwa faragha yake kwa kiasi kilekile hata kama anayemuuliza ameajiriwa na mradi badala ya chuo kikuu. Ni kweli kwamba tathmini inayotumia takwimu za jumla zilizokwisha kutolewa kwa umma inaweza kusamehewa mapitio kamili, lakini anayetoa msamaha huo ni kamati na wala si mwombaji. Msamaha huombwa kwa maandishi, kabla ya kazi kuanza.

Maombi kamili huwa na itifaki (maelezo ya namna kazi itakavyofanywa), hadidu za rejea (maelezo ya kazi iliyoagizwa) zilizosainiwa na aliyeagiza tathmini, dodoso katika kila lugha itakayotumika, maelezo ya ridhaa, mpango wa kutunza na kuharibu takwimu, orodha ya watu wote watakaoziona takwimu ghafi (ambazo bado hazijachakatwa), na mpango wa rufaa, yaani wa kumwelekeza kwenye huduma, kwa mshiriki atakayeeleza kwamba anafanyiwa ukatili au anahitaji huduma ya haraka. Ombi lenye upungufu hurudishwa bila kusomwa zaidi, na likiletwa tena huhesabiwa kuwa ombi jipya. Kibali kikishatolewa, badiliko lolote katika dodoso, hata la swali moja, huletwa kwanza kamatini. Kibali pia hakirudi nyuma: takwimu zilizokusanywa kabla ya tarehe yake hazihalalishwi na kibali kinachokuja baadaye. Kamati inaweza kuamuru zisitumike na ziharibiwe mbele ya shahidi, kazi isimamishwe, na taarifa ipelekwe kwa mwajiri na kwa mfadhili. Tunaombwa sana kulegeza hapo. Hatulegezi.

Msaidizi ndiye anayetumwa kwenye kituo cha afya kuhesabu wateja katika rejesta (daftari la wateja) ya uzazi wa mpango, na ndiye anayeona ni rahisi kupiga picha kurasa kwa simu ili akahesabu jioni. Picha hiyo ina majina, umri, idadi ya mimba na njia aliyochagua kila mteja, na ikishaingia katika kundi la ujumbe wa timu hakuna anayeweza kusema iko kwenye simu ngapi. Hesabu hufanyika hapo hapo kituoni, katika karatasi ya kujumlishia isiyo na sehemu ya jina. Wapo wanaojibu kwamba majina wameyafuta. Binti wa miaka 16 aliyewekewa kipandikizi katika kituo kinachohudumia kijiji kimoja anatambulika bila jina. Umri, kituo na mwezi vinatosha. Ndiyo maana tunataka idadi ndogo ziunganishwe na za makundi mengine kabla ya kuingia katika ripoti.

Kuhusu ridhaa, sahihi peke yake haithibitishi kwamba mtu ameelewa, na wakati mwingine fomu iliyosainiwa ndiyo karatasi pekee inayomhusisha mwanamke na tathmini. Pale ambapo karatasi hiyo inaweza kumletea madhara nyumbani, kamati hukubali ridhaa ya mdomo inayoandikwa na mhojaji. Kwa vijana wa miaka 10 hadi 19 jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa kudai idhini ya mzazi kunaweza kumfichulia mzazi kwamba mtoto wake amefika kliniki. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 kuhusu utafiti wa afya ya uzazi kwa vijana unatambua kwamba zipo hali ambazo idhini hiyo inaweza kuondolewa, mradi ulinzi mbadala uwepo na sheria iruhusu. Uamuzi huo haufanywi mlangoni na mhojaji. Na pale dodoso linapogusa ukatili, anahojiwa mwanamke mmoja tu katika kaya, akiwa peke yake.

Kamati husoma pia viashiria, yaani vipimo vya mafanikio ya mradi, jambo linalowashangaza waombaji wanaodhani hayo ni ya wataalamu wa takwimu. Swali ambalo tathmini haina uwezo wa kulijibu ni mzigo kwa anayeulizwa, na kila jambo linalochukuliwa katika maisha ya uzazi ya mtu sharti liwe na kazi litakayofanya. Mfano ulio dhahiri ni vifo vitokanavyo na uzazi. Katika eneo lenye vizazi hai 10,000 kwa mwaka na vifo 200 kwa kila vizazi hai 100,000, vifo vinavyotarajiwa ni 20. Mwaka unaofuata vikiwa 14, tofauti hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu, mradi uwepo au usiwepo. Kwenda kuwahoji wafiwa kama marehemu alikuwa mjamzito, au alikuwa ndani ya siku 42 tangu mimba ilipokoma, ili kuthibitisha mafanikio ya mradi wa miaka miwili ni kuwatonesha kidonda bila faida. Mradi wa namna hiyo utazame mahudhurio ya kliniki ya wajawazito, ambayo tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza yawe 8, pamoja na sehemu ya akina mama wanaozalishwa na mhudumu mwenye ujuzi.

Yapo pia maswali yanayojibika bila kumhoji mtu. Kinga dhidi ya mimba iliyotolewa na mradi hukadiriwa kutokana na bidhaa zilizogawiwa: kwa kawaida kondomu 120, pakiti 15 za vidonge, au sindano 4 za miezi mitatu huhesabiwa kuwa kinga ya mwaka mmoja kwa wenza. Kipimo hiki kina udhaifu, kwani bidhaa iliyogawiwa si lazima iwe imetumika, lakini msaidizi anayekitaja mapema katika kikao cha kupanga kazi huweza kufupisha dodoso kwa kurasa kadhaa.

Tunafahamu kwamba msaidizi hana sauti kubwa katika timu, na kwamba aliyeagiza tathmini anaweza kudai apewe takwimu ghafi zenye majina kwa hoja kwamba ndiye aliyezilipia. Malipo hayampi haki hiyo. Msaidizi anayeshinikizwa kuzitoa, au kuondoa matokeo mabaya katika rasimu, anaweza kuandikia sekretarieti moja kwa moja bila kupitia kwa mtathmini mkuu, na jina lake halitatajwa katika barua tutakayoiandikia timu. Aliyewahi kuwa mtumishi wa mradi unaotathminiwa anatakiwa kuueleza mgongano huo wa maslahi katika ombi lenyewe, asisubiri kuulizwa.

Kazi ikiisha huletwa taarifa ya kufunga, ikionyesha takwimu ziko wapi, nani anazo, na zitaharibiwa tarehe gani. Taarifa hiyo huletwa hata kama tathmini imekatishwa njiani. Timu isiyoileta haipokelewi ombi jingine, na zuio hilo humgusa kila aliyeorodheshwa katika ombi la kwanza, msaidizi akiwa mmoja wao.